Majani ya Dawa: Tuyatumie kwa Akili, Tusiyafiche

Somo kwa wagonjwa, kwa jamaa zao, na kwa washiriki wote wa kanisa
Soma kwanza: 2 Wafalme 4:38–41, na Isaya 38:1–5 pamoja na mstari wa 21



Hakuna kijiji katika Kongo yetu kisichojua majani ya dawa. Mtoto akikohoa, bibi yake huenda nyuma ya nyumba kuchuma. Tumbo likiuma, jirani huja na magome yaliyofungwa katika kitambaa. Na wewe unayesoma kitabu hiki kitandani pa hospitali, au barazani ukimngoja mgonjwa wako, labda ulikunywa majani kabla ya kuja hapa. Somo hili si la kukushitaki. Ni la kukusaidia upate kupambanua: jani gani lafaa, jani gani laua, na ni wakati gani inakupasa kuacha majani na kwenda mbio kwa munganga.

1. Mungu ndiye aliyeumba majani

Wako Wakristo wasemao kwamba majani yote ni mambo ya kipagani. Wako wengine wasemao kwamba mtu wa imani huomba tu, wala hatumii dawa yo yote. Basi, tuangalie habari za mfalme Hezekia. Aliugua hata karibu kufa. Akageukia ukuta, akaomba kwa machozi. Mungu akasikia, akamwahidi miaka kumi na mitano tena. Lakini angalia neno lililofuata: nabii Isaya aliagiza wachukue tini na kuziweka juu ya jipu. Maombi hayakuizuia dawa, wala dawa haikuondoa maombi. Vyote viwili vilitoka kwa Mungu yule yule.

Hata dawa nyingi za hospitali zilianza katika miti na majani. Kinini hutoka katika magome ya mti uliotoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kinini kutoka katika magome hayo. Tangu wakati wa Wabelgiji mti huo umepandwa huku kwetu Kivu, katika milima ya karibu na Bukavu. Na dawa ya malaria tunayotoa siku hizi imetoka katika jani la Kichina liitwalo artemisia. Mama mmoja mwenye elimu, jina lake Tu Youyou, alichunguza vitabu vya kale vya kwao, na kufika mwaka 1972 yeye na wenzake walikuwa wamepata nguvu iliyomo. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mtu asidharau majani. Lakini asikimbilie upande mwingine pia, akisema: Kwa kuwa Mungu ameyaumba, hayawezi kudhuru.

2. Chungu cha Gilgali

Wakati wa njaa, Elisha alikuwa Gilgali pamoja na wana wa manabii. Akamwambia mtumishi wake ateleke chungu kikubwa. Mmoja wao akatoka kwenda shambani kuchuma mboga. Akaona mtango wa porini, akajaza nguo yake matango yake, akarudi, akayakatakata chunguni. Je, mtu huyu alikuwa mwovu? Hapana. Alitaka kuwalisha ndugu zake. Kosa ni moja tu: hakuyajua matango yale. Walipoanza kula, walipiga kelele kwamba mna mauti ndani ya chungu.

Ndugu, hivi ndivyo ilivyo mara nyingi kwetu. Mama anayempa mtoto wake majani makali hamchukii mtoto. Anampenda. Lakini upendo bila maarifa waweza kujaza nguo matango ya porini.

Fikiri juu ya muhogo. Sisi sote twaula, lakini muhogo mchungu una sumu ndani yake. Mababu zetu walijifunza kuuloweka majini siku tatu au nne, kisha kuuanika juani, ndipo sumu hutoka. Wakati wa njaa watu huharakisha, huuloweka siku moja tu, na wengine hupata ugonjwa wa konzo: miguu hukauka, nao hawawezi tena kutembea vizuri maisha yao yote. Munganga aitwaye Trolli aliandika habari za ugonjwa huo huko Kwango mwaka 1938, na hata leo haujakwisha. Hata sombe, tunayoipenda sana, lazima itwangwe na kupikwa vema. Mmea ni ule ule. Ukiutengeneza kwa maarifa ni chakula. Ukiutengeneza kwa haraka ni sumu.

Au fikiri juu ya mbarika. Mafuta yake yaliyotengenezwa vema ni dawa ya kufungua tumbo. Lakini mbegu zake zikitafunwa zaweza kumwua mtoto. Basi ukisikia mtu akisema, “Hili ni jani tu, halina neno,” usikubali. Jani lenye nguvu ya kuponya lina nguvu ya kudhuru pia.

3. Kwa nini kipimo ni kitu kikubwa

Watu wengi huuliza: Ikiwa dawa ya malaria imetoka kwa jani, mbona nisichemshe jani lenyewe nyumbani, nisiende hospitali?

Swali hili ni zuri, na jibu lake ni kipimo. Kidonge kimepimwa. Kidonge cha leo na cha kesho vina nguvu sawasawa. Lakini jani halikuambii lina nguvu kiasi gani. Jani la udongo huu si sawa na la udongo ule. La wakati wa mvua si sawa na la wakati wa kiangazi. La mti mchanga si sawa na la mti mzee. Mama Tu Youyou mwenyewe aliona kwamba moto mwingi ulipunguza nguvu ya jani lake, hata ikambidi kutafuta njia isiyo na moto mkali. Ukinywa chai ya artemisia, waweza kupata dawa kidogo mno. Homa hupungua siku mbili, nawe wafurahi, lakini vijidudu vya malaria havijafa vyote. Hurudi tena. Tena vijidudu vilivyozoea dawa kidogo hujifunza kuishinda. Ndiyo sababu Shirika la Afya la Ulimwengu halikubali watu watumie chai hiyo kwa malaria, nalo lilitangaza hivyo tena mwaka 2019.

Na mtoto je? Mwili wake ni mdogo. Kikombe kisichomdhuru baba chaweza kuharibu ini na figo za mtoto.

4. Mambo yanayofaa nyumbani

Kwa mafua na kikohozi kidogo: chemsha tangawizi, tia ndimu na asali, unywe ikiwa vuguvugu. Hii hutuliza koo. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwa kuwa asali yaweza kuwa na kijidudu kinachowadhuru wachanga sana. Na kikohozi kikipita majuma mawili, njoo tupime makohozi, maana huenda ni kifua kikuu.

Kwa kuhara: mtu mzima akinywa maji ya majani ya mapera, si vibaya. Lakini ujue kwamba kinachoua katika kuhara ni maji kutoka mwilini. Jani halirudishi maji hayo. Chukua litri moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko, si kwa kilima. Koroga. Mpe mtoto kidogo kidogo, mara nyingi, na kila mara anapohara. Mama anyonyeshaye asiache kunyonyesha. Kisha mlete kituoni apewe vidonge vya zinki na pakiti za chumvi zilizopimwa tayari.

Kwa vidonda vidogo: osha kwa maji safi na sabuni, kisha funika kwa kitambaa safi. Maji na sabuni hutangulia mbele ya jani lo lote.

Kwa kuzuia ugonjwa: hapa majani yana kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sombe, lengalenga na majani ya maboga huongeza nguvu ya mwili. Mawese mekundu na papai lililoiva husaidia macho ya watoto. Jani lililo katika sahani kila siku hufanya kazi nyingi kuliko jani lililo katika chupa siku ya ugonjwa.

5. Mambo matano ya kuacha kabisa

La kwanza: Usimtie mtoto maji ya majani kwa bomba kwa njia ya nyuma. Twaona hospitalini watoto ambao matumbo yao yameungua na mwili umekauka kwa sababu hiyo. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu. Hahitaji hata maji, sembuse majani. Akiwa mgonjwa, mlete.

La pili: Usiweke jani, wala majivu, wala udongo, wala mavi ya ng’ombe juu ya kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Pepopunda huingia kwa njia hiyo, na mtoto hukakamaa asiweze kunyonya. Kitovu kiwe safi na kikavu. Na mama mwenye mimba achanjwe sindano za pepopunda.

La tatu: Mama mwenye uchungu wa kuzaa asinyweshwe majani ya kuharakisha. Majani hayo hukaza tumbo la uzazi kwa nguvu isiyo na kipimo. Ikiwa mtoto amekwama, tumbo laweza kupasuka, na wote wawili kufa. Uchungu ukichelewa, hiyo ni dalili ya kwenda hospitali.

La nne: Usitie maji ya majani machoni. Macho mengi yaliyokuwa na ugonjwa mdogo yamepofuka hivyo.

La tano: Usiache dawa za hospitali kwa ajili ya majani. Mwenye dawa za kifua kikuu, au za ukimwi, au za kisukari, au za mapigo makubwa ya damu, asiziache hata kama anajisikia vema. Tena majani mengine hushindana na dawa hizo mwilini. Uulize kabla ya kuchanganya.

6. Jani, na wenye ramli

Sasa neno moja kwa washiriki wa kanisa hasa. Kuna fundi wa majani, na kuna mwenye ramli. Mara nyingine mtu mmoja ni wote wawili. Utawapambanuaje?

Fundi wa majani mwema hukuambia jina la jani, na mahali alipolichuma. Likimshinda, hukuambia nenda hospitali. Mwenye ramli huficha jani, huomba kuku wa rangi fulani, hukufunga hirizi, kisha hukuambia ni nani aliyekuroga. Huyo hakuuzii dawa. Anakuuzia hofu. Neno la Mungu katika Kumbukumbu la Torati 18:10–12 latukataza kabisa njia hiyo.

Na angalia matunda yake. Mtoto alipatwa na homa akakakamaa na kutupa mikono na miguu. Watu wasema ni ugonjwa wa ndege, au kwamba bibi mzee wa upande wa baba amemroga. Mtoto akafa, bibi akafukuzwa, nyumba ikagawanyika. Lakini ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, na tone moja la damu kutoka kidole lingaliionyesha kwa robo saa. Wako hata watoto wadogo katika nchi yetu waliofukuzwa na jamaa zao kwa kuitwa walozi. Je, Kristo aliyewakumbatia watoto apendezwa na jambo hili? Mkristo asikubali jina la jirani lihesabiwe kuwa sababu ya ugonjwa.

7. Dalili za kukimbia

Mtoto akiwa na moja ya mambo haya, usichume jani, usingoje kesho, wala usingoje mtu arudi kutoka safari:

– hawezi kunyonya wala kunywa;
– anatapika kila kitu;
– amekakamaa au kutupa mikono na miguu;
– analala tu, ni vigumu kumwamsha;
– anapumua mbio, au kifua kinaingia ndani akivuta pumzi;
– viganja vyake vimekuwa vyeupe;
– anahara damu;
– shingo imekuwa ngumu.

Na homa yo yote ya mtoto, hata isiyo na dalili hizi, ipimwe siku ile ile au siku ya pili. Malaria ya mtoto mdogo yaweza kugeuka kuwa ya kufa kwa siku moja tu.

8. Usifiche

Tumefika neno lililo kubwa kuliko yote katika somo hili. Turudi Gilgali. Watu wale walipoonja mauti, walifanya nini? Hawakunyamaza kwa haya. Hawakusema, “Tutamwaibisha ndugu yetu aliyechuma.” Walipiga kelele mara moja, nao walikuwa hai bado. Na Elisha alifanya nini? Hatusomi kwamba alimkemea aliyechuma, wala kwamba alimfukuza. Aliomba unga, akautupa chunguni, akaagiza watu wapewe wale. Na chungu kile hakikuwa na neno baya tena.

Sasa sikia, mama. Ukifika hospitali, muuguzi atakuuliza: Umempa mtoto nini nyumbani? Wengi hujibu: Hakuna. Husema hivyo kwa kuogopa kukaripiwa mbele ya watu. Lakini jibu hilo lafunga macho ya munganga. Ataona mtoto anapumua mbio, na hatajua kama ni mapafu, au malaria, au sumu ya jani. Dakika anazotafuta ndizo dakika za mtoto wako. Haya ya mama hupita kwa siku moja, lakini mtoto akifa, hatarudi.

Basi sema kila kitu. Sema jina la jani, hata kama unalijua kwa lugha ya kwenu tu. Sema kama ulitumia jani, au mzizi, au magome. Sema alikunywa vikombe vingapi, au kama lilitiwa kwa bomba. Sema ilikuwa saa ngapi. Kama lipo, leta lile jani lenyewe katika karatasi, au chupa yenye maji yaliyobaki. Kama hutaki kusema mbele ya watu, omba kusema pembeni.

Na ninyi wauguzi wenzangu mnaosoma, nanyi wazee wa kanisa, neno hili ni letu pia. Tukimkemea mama mmoja mbele ya wengine barazani, tumewafundisha mama ishirini kusema uongo. Tuwe kama Elisha: kwanza tutafute unga. Mafundisho yatakuja mtoto akiisha kupona.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Hezekia aliomba, kisha akatumia dawa. Jambo hili latufundisha nini sisi?
2. Mtu aliyechuma matango huko Gilgali alikosa nini?
3. Kwa nini chai ya artemisia haitoshi kuponya malaria?
4. Taja vipimo vya maji ya chumvi na sukari. Mmoja wenu ayatengeneze mbele ya wote.
5. Taja mambo matano ya kuacha kabisa. Lipi lafanyika sana katika kijiji chenu? Mtaanzaje kuliacha?
6. Utampambanuaje fundi wa majani na mwenye ramli?
7. Mama anaogopa kumwambia muuguzi alichompa mtoto. Utamwambia nini?

La kukumbuka: Chuma unalolijua, pima unalotumia, sema ulilotoa, wala usichelewe kuja.

Mwishoni mwombee kila mmoja mgonjwa aliye karibu naye, kwa jina lake. Kisha mwulize kama amekunywa dawa yake ya leo.